Viatu vya kutembelea kila siku

Wamama, mukae vizuri. Wenye watoto wachanga wapate pahali ku benchi, wengine wakae ku mkeka. Mizani iko tayari, lakini watoto tutawapima nyuma ya mazungumzo. Leo sitasema juu ya chanjo, wala juu ya uji wa soya. Leo nitasema juu ya viatu.

Naona wengine wanacheka. Munasema ndani ya moyo: muganga ameishiwa na maneno. Hapana, hajaishiwa. Sikilizeni sababu.

Kwa miaka mingi hapa hospitali tumewaambia neno moja: vaeni viatu. Tulisema vile juu ya minyoo inayoingia kwa ngozi ya miguu, inanyonya damu ya mama mpaka midomo inakuwa myeupe. Tulisema juu ya funza, juu ya misumari yenye kutu, juu ya tetanosi. Neno lile ni la kweli, hatulifuti. Lakini hatukuwaambia kiatu gani. Ninyi mulisikia, mukaenda ku soko, mukanunua. Na sasa mama mmoja amenionyesha kwamba kazi yetu tuliifanya nusu.

Mama yule alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa anashuka kilima na mzigo wa makala ku mugongo, kamba ku kipaji cha uso, kama vile munajua. Alivaa viatu vya kukimbilia vya mitumba, vile wengi wenu munaita basketi, vyenye soli nene na laini, nyeupe kama mkate. Alivinunua kwa pesa ya maharagi, sababu muuzaji alimwambia: hivi ni viatu vya wakimbiaji, mama, hautasikia tena uchovu. Basi mguu wa kuume ulikanyaga jiwe, ukapinduka, akaanguka ubavu pamoja na mzigo. Mtoto hakupata neno. Lakini mama alilala hapa siku sita, kifundo cha mguu kimevimba kama boga, na shamba lilikaa bila mtu. Nilimwuliza: mama, sababu gani ulivaa viatu vya namna hii mu njia ile? Akanijibu: "Muganga, si ninyi mulisema tuvae viatu?"

Sikuwa na jibu.

Nilichukua kile kiatu nikakiweka ku meza. Hakikusimama. Kililala upande wa nje kama mlevi. Mtu aliyekivaa mbele yake, mtu wa mbali ambaye hatumjui, alikuwa na desturi ya kukanyaga kwa upande wa nje, na sponji ya upande ule ilikwisha kubonyea. Mama wetu hakununua kiatu tu, alinunua na mwendo wa mtu mwingine.

Sasa tazameni hiki nilichoshika. Ni basketi ya zamani, nimeikata katikati kwa kisu kama vile munakata muhogo, mupate kuona ndani. Mukipitishe kwa mikono, mutoto asikitie mu kinywa. Munaona chini kabisa mpira mgumu. Ule njo unakanyaga udongo. Juu kuna kitambaa na kamba, vinashika mguu. Katikati kuna hii sehemu nyeupe, na hii njo tunalipia pesa nyingi. Ni plastiki iliyotiwa mapovu madogo sana ya hewa, maelfu na maelfu. Wafundi walianza kuitia mu viatu vya kukimbilia katika miaka ya 1970. Ukikanyaga, mapovu yanabonyea; ukiinua mguu, yanarudi. Ni kama matela ya sponji. Na kama vile matela, siku za kwanza inakuinua, kisha kidogo kidogo inaanza kubaki chini, mpaka siku moja unalala juu ya mbao na bado unasema una matela.

Je, ulaini huu unasaidia, ao ni maneno ya wauzaji tu? Unasaidia. Mu mwaka 2020 waganga wa inchi ya Luxembourg walitangaza kazi waliyofanya na wakimbiaji zaidi ya 800. Wote walipewa viatu vya sura moja, lakini wengine walipata soli laini na wengine soli ngumu, na hakuna aliyeambiwa amepata ipi. Walikimbia miezi sita. Wale wa soli ngumu waliumia zaidi. Basi sitawaambia kwamba ulaini ni uongo.

Lakini mufikiri: wale watu hawakuwa na makala ku mugongo. Hawakuwa na mtoto mbele na gunia nyuma. Mtu akitembea, kila hatua anasukuma udongo kwa nguvu iliyo zaidi kidogo ya uzito wake. Akikimbia, mara mbili ao tatu. Mama wa kilo 60 akibeba kilo 30, mguu unabeba kilo 90, na kila kilometa moja ni hatua kama 1,400. Mutasema: basi mwenye mzigo anahitaji ulaini zaidi! Hata mimi nilifikiri vile. Lakini jaribuni nyumbani kusimama juu ya matela ya sponji, na ndoo ya maji ku kichwa. Utaona miguu inatetemeka huku na huku kutafuta pahali pagumu. Soli nene na laini sana inafanya vile vile. Juu ya barabara iliyo sawa haina hatari kubwa. Juu ya mawe, mu kilima, na mzigo, inaupindua mguu upesi kuliko unavyoweza kuushika. Na kadiri soli inavyokuinua juu, ndivyo unavyoanguka kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo neno la kwanza la kujiuliza si: kiatu hiki ni laini? Ni: njia yangu iko namna gani?

Wale wenye ndugu Goma wanajua mawe yale meusi. Mlima Nyiragongo ulitapika moto mu Januari 2002, mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ku ziwa, na mu Mei 2021 ukatapika tena. Mawe yaliyobaki ni makali kama meno ya msumeno. Pale sponji tupu bila mpira mgumu chini inaliwa kwa majuma machache. Siku hizi kuna basketi nyingi zenye sponji wazi chini, mpira umebandikwa vipande vipande tu, sababu wanataka kiatu kiwe chepesi. Kwa barabara ya lami ni sawa. Kwa mawe ya namna ile, hapana. Ugeuze kiatu utazame tumbo lake: unataka mpira mgumu toka kisigino mpaka vidole.

Na wale wa upande wa Bukavu, ama huku kwetu kwa vilima, shida yao ni matope ya mvua. Basketi ya barabara iko na meno mafupi, mengine hayana meno kabisa. Udongo mwekundu ukilowa, kiatu kile kinateleza kama sabuni. Tafuta meno marefu yaliyoachana, ili matope yatoke katikati yake. Kama njia ni matope toka nyumbani mpaka shamba, buti ya mpira inashinda basketi ya bei yoyote, hata kama haipendezi. Buti ya mpira nayo haina ulaini, miguu inachoka na inatoka jasho. Vaa soksi, na uivue ukifika.

Kwa mwenye kubeba mzigo ku kilima nasema hivi: soli isiyo nene sana, pana chini, hasa upande wa kisigino, ngumu kidogo ukiibonyeza kwa kidole gumba lakini si kama ubao. Na kwa mwenye mimba ningependa kusema mzigo ubaki nyumbani. Najua mutanijibu nini. Basi angalau mzigo upunguzwe, na baba watoto asikie kwamba muganga amesema.

Kuna wengine kati yenu ambao hawana njia ya mawe. Ni wale wa karibu na barabara kubwa, ambao tuliwaambia watembee kila siku juu ya ugonjwa wa sukari ao juu ya tansio. Shirika la Afya la Ulimwengu lilisema mu 2020 mtu mzima afanye mazoezi dakika 150 ama zaidi kwa juma, hata mama mwenye mimba, kama muganga hakumkataza. Ni kama nusu saa siku tano. Mama wa shamba anazipita mbele ya jua kuwa kali, hatuna la kumwambia. Lakini mwenye kukaa ku duka siku nzima, ao ku cherehani, yeye atembee, na ikiwa magoti yanakubali akimbie polepole. Kwa huyu basketi laini ni rafiki mwema. Ninawaomba wenye sukari neno moja zaidi: kila mara mbele ya kuvaa, tia mkono ndani ya kiatu upapase. Sukari inaua hisia ya mguu. Jiwe dogo kama punje ya mahindi linaweza kukaa ndani siku nzima bila wewe kusikia, na jioni kuna kidonda.

Sasa mguu wenyewe. Hapa wenye mimba musikilize sana.

Wengi wenu mumeniambia: muganga, nyuma ya mtoto wa kwanza viatu vyangu vyote vilinikataa. Na mama mkwe anasema ni unene. Si unene tu. Mu mimba mwili unalegeza kamba zinazofunga mifupa, ili mtoto apate njia ya kutoka. Kamba za mguu nazo zinalegea, uzito unaongezeka juu, na upinde wa wayo unashuka. Mguu unarefuka. Mu 2013 waganga wa Iowa, inchi ya Marekani, walitangaza kwamba walipima miguu ya wanawake 49 mu mwanzo wa mimba na tena miezi mitano nyuma ya kuzaa. Katika kila wanawake kumi, sita ao saba miguu yao ilikuwa imerefuka, kwa milimita 2 mpaka 10. Na haikurudi. Mimba ya kwanza njo inabadilisha zaidi. Basi musijitie ndani ya viatu vya harusi kwa nguvu na kulia. Mupeni mdogo wenu.

Zaidi ya ile, mguu wa mwenye mimba unavimba jioni, na asubuhi unashuka. Ile ya kawaida haitushtui. Lakini mujue kutofautisha. Kama uso na mikono vinavimba kwa ghafula, kama kichwa kinauma sana na hakiachi, kama macho yanaona giza ao nyota, kama tumbo la juu linauma chini ya mbavu, usitafute kiatu kikubwa. Njoo hospitali siku ile ile, hata usiku. Ni alama za tansio ya mimba, nayo inaua mama na mtoto, na inaweza kuja hata mu majuma ya kwanza nyuma ya kuzaa. Na kama mguu mmoja tu umevimba, unauma, una moto, njoo vile vile, sababu damu inaweza kuwa imegandamana ndani.

Haya, twende ku soko.

Nitawaambia kwanza kosa langu mimi mwenyewe, mupate kucheka. Nilikuwa kijana, nimeanza kazi. Mu soko kubwa nilikuta basketi nyeupe kabisa, jina lake linajulikana dunia yote. Nilijaribu asubuhi na mapema, miguu ikiwa midogo. Vidole viligusa mbele. Papa muuzaji akasema: "Dada, vitapanuka." Nikaamini, sababu nilivipenda. Havikupanuka. Nilivivaa mu zamu ya usiku, mu kushuka njia ya hospitali, na nyuma ya majuma mawili kucha za vidole gumba zikawa nyeusi, kisha zikatoka. Niliviuza kwa mwenzangu. Yeye alivivaa miaka miwili bila shida, na kila siku nilikuwa naviona vikipita mbele yangu. Jina ni lile lile, kiatu ni kile kile. Kilikuwa kizuri, lakini hakikuwa changu.

Basi enda ku soko saa ya alasiri, wakati miguu imekwisha kutembea na kuvimba kidogo. Kama huwezi kwenda mwenyewe, usimtume baba na neno la "thelathini na tisa". Simama juu ya karatasi ngumu, ukiwa umesimama kabisa, uzito wote juu ya mguu, mwenzako achore mguu kwa kalamu. Chora yote miwili, sababu karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Katia ile karatasi, itiwe ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba. Mama zetu walipima kwa kijiti, na kijiti ni kizuri kwa urefu, lakini hakisemi upana, na wengi wetu tuko na miguu mipana.

Namba musizitegemee sana. Ukifungua ulimi wa kiatu cha mitumba utaona namba tatu ao ine pamoja: za Ulaya, za Uingereza, za Marekani, na mara nyingi sentimita. Mwenye kuvaa 39 asishangae kuona 6 pale pale. Ile ya sentimita njo rafiki yenu, kwa sababu inaweza kulinganishwa na karatasi yako. Hata hivyo kiwanda kimoja 39 yake ni kubwa, kingine ni ndogo. Mguu njo unaamua.

Vaa viatu vyote viwili. Muuzaji atakupa kimoja kwa kuwa anaogopa wezi, umwambie kwa heshima: "Papa, niletee mwenzake, mimi siko na mguu mmoja." Simama. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Munajua wengine kidole kirefu ni cha pili, si gumba. Pima kwa kile kirefu. Kisigino kisipande na kushuka. Vidole viweze kucheza. Kisha tembea, usisimame tu ku mkeka wake kama mwenye kupigwa picha. Tembea mpaka ku kona, tafuta mteremko mdogo, ushuke. Mu mteremko njo uongo wote unaonekana.

Na mu mteremko ule usikie mwili unasema nini. Kama kinauma pale, kitauma nyumbani. Mu 2001 waganga wa Kanada walipa askari soli za ndani za namna sita, ngumu na laini, za upinde na zisizo na upinde, wakawaacha wachague wenyewe ile inayopendeza mguu. Hawakuchagua namna moja, kila mtu alichagua yake, na waliumia kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mguu wako una akili. Musimwache muuzaji aseme kwa ajili yake.

Ukisha kutosheka na mguu, vua, ukague kiatu chenyewe. Kiweke juu ya ubao ulio sawa, ukitazame kutoka nyuma, macho yako chini karibu na ubao. Kikilala upande, kirudishe, hata kama kinang'aa. Huyu njo adui aliyemwangusha mama wetu. Tazama sponji pembeni: ikiwa na mikunjo mingi kama uso wa mzee, imechoka. Ibonyeze kwa kidole gumba: irudi upesi. Ikibaki na shimo, ama ikiwa ngumu kama tofali, maisha yake yamekwisha. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati ya tumbo.

Kuna hila moja zaidi, na hii haina kosa la muuzaji. Mara nyingine balo linatoa kiatu kipya kabisa, hakijavaliwa, kilikaa tu mu sanduku miaka mingi. Unakinunua kwa furaha, unatembea siku mbili, na soli inaanza kuanguka vipande kama mkate mkavu. Kuna namna ya sponji ambayo unyevu wa hewa unaiharibu polepole hata bila kuvaliwa. Kwa hiyo kwaruza sponji kwa ukucha. Ikitoa unga ao ikinata, uiache pale.

Majina? Mutaniuliza jina gani ni zuri. Sina la kuwapa, na mwenye kuwapa anawauzia. Mu 1960, kule Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki bila viatu kabisa akashinda wote. Mu 1964 kule Tokyo alivaa viatu, akashinda tena. Lakini musiniambie sasa kwamba tutembee miguu wazi kama Bikila. Barabara ya Roma haina minyoo ya kwetu.

Nyumbani, kiatu cha mitumba kioshwe kwa sabuni mbele ya kuvaliwa, ndani na nje, na soli ya ndani itolewe ioshwe peke yake, sababu ukoma wa vidole, ule wa kuwashwa katikati ya vidole, unahama na viatu. Naona wazee wanashtuka. Si ukoma ule wa kweli, ni ukungu tu, watu wanauita vile kwa mchezo, na dawa yake iko. Kisha kikauke mu upepo, na karatasi ndani ya kunyonya maji. Musikiweke karibu na mbabula. Moto unafanya sponji kuwa ngumu na kulegeza gundi, na kiatu kinakufa mu usiku mmoja. Nimeona wengi hapa wanaokausha vile mu majira ya mvua.

Kamba muzifunge. Naona wengi wanakanyaga kisigino cha basketi na kuivaa kama kandambili. Basi pesa ya nini? Mu kushuka kilima pitisha kamba mpaka mu tundu la juu kabisa, ukaze pale, lakini mbele ku vidole uache wazi. Kisigino kitashikwa nyuma, na vidole havitagonga mbele. Kama mtu angeniambia vile wakati ule, labda ningekuwa na kucha zangu.

Wakimbiaji wanatupa viatu nyuma ya kilometa kama 500 mpaka 800. Mama anayetembea kilometa 8 kwa siku, siku sita mu juma, anafika 800 mu miezi ine. Musiogope, kutembea hakupigi soli kama kukimbia, na sisi hatuwezi kununua kila miezi ine. Lakini mujue kwamba kiatu kinaweza kuwa kizima kwa macho na kimekufa ndani. Alama ni mwili: kama magoti, kisigino ao kiuno vinaanza kuuma na haukubadilisha kazi wala njia, tazama soli kwanza. Kisigino kinachouma hatua za kwanza za asubuhi, kama umekanyaga msumari, uje tukitazame.

Jana nilijaribu mazungumzo haya mbele ya wamama wa maternite, na mama mmoja mzee akaniuliza: "Muganga, na mwenye hana pesa ya basketi hata ya mitumba?" Aliuliza vema. Kwake nasema sandale ya mpira wa gari, ile mafundi wanakata ku soko, ni bora kuliko basketi iliyopinda. Haina ulaini, lakini ni pana, iko chini, haitobolewi na mwiba. Aombe fundi amtilie kamba ya nyuma ya kisigino, mguu usitoke mu mteremko. Ndani anaweza kubandika kipande cha sponji chembamba, si kinene. Fundi wa viatu anaweza pia kushonea mpira mpya chini ya basketi ambayo sponji yake ingali nzima. Lakini kilichopinda, kushona hakukinyooshi. Kandambili ni za kuogea na za choo. Mu kilima na mtoto ku mugongo, kandambili ni hatari, vidole vinakazana kuishika na mguu wote unachoka.

Na watoto? Mtoto anayeanza kusimama hana haja ya soli nene. Mu nyumba iliyofagiwa aache miguu wazi, ajifunze kushika udongo. Akitoka nje, kiatu chepesi chenye kukunjika. Na musimnunulie cha miaka miwili mbele kwa kutia karatasi ku vidole, anaanguka nacho. Upana wa kidole kimoja unatosha, na kila miezi mitatu tazama tena, kwani hatakuambia kinamfinya, atakataa tu kutembea na mutasema ni mvivu.

Yule mama wa makala, kifundo kilipona. Alijifungua hapa hapa kwa wakati wake, na leo yuko kati yenu, hapana, sitamwonyesha kwa kidole. Viatu vile alinipa. Ni hiki nilichokata, na mwenzake ni ule ku dirisha. Mukitoka kila mtu akiweke juu ya meza, akitazame kutoka nyuma, ajifunze macho yake kuona namna kinavyolala. Ubao uko pale wa kuweka na viatu vyenu, kama munataka.

Sasa wenye mimba ambao miguu yao imevimba leo, hata kidogo, wapite kwanza upande wa kushoto tupime tansio. Wengine mutoe karatasi za watoto, tunaanza mizani.